Kuunganisha Picha za Sinema, na Kosa Nililolifanya

Muhula uliopita chama chetu cha sinema kilipewa ruhusa kupiga tukio moja fupi la dakika 3, nami nikachaguliwa kuwa mpiga picha na mwunganishaji wake. Tangu siku ile ilipoonyeshwa katika ukumbi wa chakula, wengi wameniuliza kazi yenyewe hufanywaje, na baadhi yenu mliokwisha kutoka shuleni mmemwandikia Bwana Mhariri mkitaka kujua. Basi nitaeleza kwa kadiri ya maarifa yangu. Yako mambo manne ya kupiga picha, na liko jambo moja la kuziunganisha. Hilo moja ndilo lililonitia katika kosa, na kwa ajili yake hasa naandika.

Kwanza nisimulie hadithi yenyewe. Mvulana anafungua sanduku lake la bati bwenini, anakuta fedha za karo hazimo. Anamshuku jirani yake wa kitanda cha pili. Jirani anaingia, wanatazamana, maneno makali yanasemwa. Mwishoni yule mvulana anafungua kitabu chake cha ramani na kuziona fedha zake katikati ya kurasa, mahali alipoziweka mwenyewe. Hadithi ni fupi, na fundisho lake ni wazi: usimhukumu mwenzio kabla ya kutafuta vizuri.

Chombo chetu kilikuwa simu ya mwalimu mlezi wa chama, kwa maana sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu. Hatukuwa na kinara cha miguu mitatu, kwa hiyo tuliifunga simu juu ya mgongo wa kiti kwa mpira wa baisikeli, na kiti tukakiweka juu ya meza. Mtu asidharau. Katika mji wetu mkuu wa Kampala, mtaa wa Wakaliga, Bwana Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, akitumia kompyuta alizoziunda mwenyewe kwa vipande vikuukuu, na sasa watu wa mabara yote wanaijua. Chombo kidogo si udhuru wa kazi mbovu.

Jambo la kwanza ni kuandika kabla ya kupiga. Kila picha moja isiyokatika, tangu kamera inapowashwa hata inapozimwa, sisi tuliiita kipande. Tuliandika katika daftari kila kipande, nani yumo, anafanya nini, na kamera inasimama wapi. Siku ya kwanza tulipuuza daftari tukajitumaini akili zetu, na jioni tukagundua kwamba mvulana wetu ameonekana akitoka mlangoni mara mbili bila kuingia hata mara moja. Tangu siku ile daftari halikutoka mkononi mwangu.

Jambo la pili ni mstari. Watu wawili wanapozungumza, fikiri kwamba uko mstari ulionyoka kutoka kwa huyu hata kwa yule. Kamera ichague upande mmoja wa mstari huo na ikae huko. Mfano wake ni mpira wa miguu. Ukitazama mchezo kutoka upande mmoja wa kiwanja, timu yetu yapiga kuelekea kulia. Rafiki yako aliyesimama ng’ambo ya pili aona timu hiyo hiyo yapiga kuelekea kushoto. Sasa mtu akichanganya picha zenu wawili, mtazamaji atadhani wachezaji wetu wamegeuka na kulishambulia lango lao wenyewe. Sisi tuliuvuka mstari bila kujua, na wale wavulana wawili waliokuwa wakigombana uso kwa uso wakaonekana kana kwamba wote wawili wanamgombeza mtu wa tatu aliye dirishani. Ilitubidi kupiga vipande hivyo upya.

Jambo la tatu ni mwanga. Nchi yetu inapitiwa na Ikweta, na wakati wa adhuhuri jua huwa karibu na utosi. Ukimpiga mtu picha nje saa ile, macho yake hufunikwa na kivuli cha paji lake. Saa nzuri ni za asubuhi na za jioni, lakini jioni zetu ni fupi, na giza huingia upesi. Tulipiga asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tatu, kitanda kikiwa karibu na dirisha na shuka jeupe likiwa limeshikwa upande wa pili ili lirudishe mwanga usoni. Hata hivyo jua halimngoji mtu. Katika kipande kimoja kivuli cha dirisha kiko juu ya sanduku, na katika kinachofuata, ambacho kwa hadithi ni sekunde ile ile, kivuli kiko chini sakafuni. Mtazamaji huenda asiseme neno, lakini moyo wake husitasita. Kadhalika na mavazi: ukianza na sweta, maliza na sweta.

Jambo la nne ni sauti. Hili twalisahau kwa sababu macho hutawala. Bweni letu limeezekwa mabati, na mvua ikinyesha hapasikiki neno. Mwalimu alitufundisha kurekodi dakika moja nzima ya kimya cha chumba, watu wote wakiwa ndani wamenyamaza. Tulicheka, tukadhani ni mchezo. Wakati wa kuunganisha ndipo nilipoelewa. Kila chumba kina kimya chake. Pahali unapoondoa kikohozi au kengele, usipotia kimya cha chumba kile kile, sikio husikia shimo.

Sasa nafika kwenye kuunganisha. Picha za kwanza za sinema hazikuunganishwa. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio huko Paris tarehe 28 Desemba 1895, zilikuwa filamu 10, na kila moja ilikuwa kipande kimoja cha muda usiofika dakika 1. Baadaye watu waligundua kwamba ukanda waweza kukatwa kwa mkasi na kugundishwa na ukanda mwingine, hata kama huu ulipigwa leo na ule juma lililopita, na mtazamaji atavipokea kama jambo moja. Siku hizi mkasi hauhitajiwi. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta ya shule nikatumia programu isiyo ya kulipia. Lakini kazi ni ile ile ya mkasi: kuchagua mahali pa kuanza na mahali pa kukoma, na kuamua kipi kimfuate kipi.

Tulikuwa tumepiga vipande 61, jumla dakika 52. Katika hizo nilitakiwa kubakiza 3 tu. Nalijifunza kwamba mkato mzuri ni ule unaofanywa katikati ya mwendo. Mvulana anapoinama kufungua sanduku, usingoje hata ainame kabisa. Kata akiwa njiani, na kipande kinachofuata kimwonyeshe kwa karibu akimalizia kuinama. Jicho linafuata mwendo wala halioni mshono. Nalijifunza pia kwamba si lazima kumwonyesha yule anayesema. Mara nyingi uso wa anayesikiliza una habari zaidi.

Nilisoma pia habari za Bwana Walter Murch, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waunganishaji wa filamu ya Apocalypse Now ya mwaka 1979. Yeye ameyapanga mambo sita ya kuangaliwa katika kila mkato, na la kwanza, lenye uzito kupita mengine yote pamoja, ni hisia za moyoni: mkato wawafanya watu waone nini mioyoni mwao? Nililishika fundisho hili kwa mikono miwili. Kumbe nililishika nusu.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ya siku ya mwisho mvua ilinyesha, chumba kikawa giza, na kipande cha mvulana kuziona fedha katika kitabu kikatoka kibaya hata fedha zenyewe hazikuonekana. Muda wa ruhusa ulikuwa umekwisha. Nilipokuwa nikipekua vipande vyangu, nilikuta kimoja ambacho hakikuandikwa katika daftari. Kamera ilikuwa imewashwa mapema kwa bahati, na yule mwenzetu aliyeigiza jirani alikuwa ameketi kitandani akingoja zamu yake. Kichwa kimeinama kidogo, macho yamekwenda upande, midomo imefungwa. Sekunde 4 tu. Hakuwa akiigiza. Asubuhi ile alikuwa amepata habari kutoka kwao, na habari hizo si zangu kuzisimulia. Mimi nilizijua, kwa kuwa alinieleza mwenyewe tukiwa tunapanga vitanda.

Nikaweka sanduku tupu, kisha uso ule. Nikatazama, nikapigwa na mshangao. Hakuna mwigizaji wa shule yetu ambaye angeweza kuufanya uso wa mtu mwenye hatia vizuri kama ule. Nikaona kwamba tukio linaweza kuishia hapo hapo, bila kitabu cha ramani, bila fedha kupatikana. Nikajiambia kwamba ndiyo sanaa ya watu wakubwa, kumwachia mtazamaji akamilishe mwenyewe. Sikumwonyesha mwenzangu kabla, wala sikumwuliza.

Jumamosi ile tukaonyesha. Sanduku tupu, uso, giza. Ukumbi wote ukavuta pumzi, kisha wakapiga makofi. Nilifurahi sana, wala sitaficha.

Furaha yangu haikutimiza juma. Wanafunzi wa vidato vya chini walianza kumwita yule mwenzetu “Bwana Sanduku”. Akipita, walifunga makufuli yao kwa kelele, wakacheka. Huo ulikuwa utani. Lakini Alhamisi mtoto mmoja alikosa shilingi 5,000, na kabla mtu hajauliza lolote, sanduku la kwanza kupekuliwa lilikuwa la mwenzetu. Vitu vyake vilitupwa juu ya kitanda mbele ya watu wote. Hakikuonekana kitu. Baadaye mtoto yule alikumbuka kwamba fedha zake alizikabidhi kwa mtunza duka la shule. Walakini kiranja mmoja aliyesimamia upekuzi alisema, “Lisemwalo lipo.” Nami najua ni nani aliyelisema la kwanza. Nililisema mimi, bila kufungua kinywa.

Usiku ule mwenzetu alinijia. Hakuwa na ghadhabu, na afadhali angekuwa nayo. Alisema, “Ndugu yangu, ule haukuwa uso wa mwizi. Ulikuwa uso wangu. Nawe ulijua nilikuwa nikiwaza nini.”

Sikupata la kujibu.

Nilikwenda kwa mwalimu mlezi nikamweleza yote. Hakunikemea, ila alinisimulia habari za Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, aliyefundisha sinema huko Moscow baada ya mapinduzi ya mwaka 1917. Mtu huyu alichukua kipande cha uso wa mwigizaji mashuhuri, Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha jambo. Akakiunganisha na picha ya sahani ya mchuzi, tena akakiunganisha na picha ya jeneza, tena na picha nyingine. Filamu yenyewe imepotea, na wasimulizi wake hawapatani katika kila jambo, lakini neno kubwa walilolisimulia ni hili: watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, na huzuni, na mengineyo, hali uso ulikuwa ule ule mmoja. Hawakuviona vilivyomo usoni. Waliviona vilivyomo katika mshono.

Sisi wa Uganda tusingepaswa kushangaa. Nani kati yetu hajakaa katika kibanda cha sinema akasikiliza yule mtu tumwitaye VJ akitoa maneno ya Kiganda juu ya filamu ya kigeni? Mzungu analia, naye VJ anasema jambo moja la mzaha, na kibanda kizima kinaangua kicheko. Hata zamani, katika jaribio la sinema lililofanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, maelezo yaliwekwa katika sahani za santuri, ya Kiswahili na ya lugha nyingine kadha, zikapigwa pamoja na picha. Picha ni moja, na maana yake hutegemea kilichowekwa kando yake.

Mwalimu akasema, “Umeunganisha mbele ya watu. Basi fungua mbele ya watu.”

Safari hii nilianza kwa kumwendea mwenyewe. Nilimwomba msamaha, kisha nikamweleza nilitakalo, nikasema kwamba akikataa nitakifuta kipande kile kisionekane tena. Alifikiri siku mbili. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisieleze habari za nyumbani kwao. Nikaahidi.

Jumamosi ya pili niliwaambia watu kwamba nitawaonyesha majaribio matatu, na kila moja likiisha waseme kwa sauti mtu yule anawaza nini. La kwanza lilikuwa kama walivyolijua, sanduku tupu kisha uso. Wakapaza sauti, “Mwizi!” La pili, mtoto wa kidato cha kwanza amelala kitandani, amefunikwa blanketi hadi shingoni kana kwamba anaumwa, kisha uso. Ukumbi ukanyamaza, mmoja nyuma akasema polepole, “Anamwonea huruma ndugu yake.” La tatu, sahani ya posho na maharagwe ya juzi, kisha uso. Wakacheka hata wakapiga meza, mmoja akaita, “Amechoka na maharagwe kama sisi!”

Ndipo nikauonyesha uso peke yake, sekunde zake 4, mara tatu mfululizo. Nikasema, “Ni kipande kimoja. Kilipigwa kabla hatujaanza, naye hakujua kamera imewashwa. Hakuwa akiwaza sanduku, wala mgonjwa, wala maharagwe. Nyinyi mlisema mwizi kwa sababu mimi niliwaambia mseme hivyo. Kosa ni langu.” Kisha tukaonyesha tukio lenyewe likiwa kamili, kwa maana tulikuwa tumepata ruhusa ya asubuhi moja kupiga upya kile kipande cha kitabu cha ramani, na safari hii jua lilikuwapo.

Napenda kuandika kwamba mambo yote yalitengenea, lakini gazeti hili halitaki uongo, nami nimechoka nao. Kiranja yule alikwenda kumwomba msamaha mwenzetu mbele ya bweni zima, na hilo lilikuwa jambo la kiume. Lakini lile jina la utani bado latajwa na wachache, hasa wale waliokuwa wagonjwa au ruhusani siku ile ya pili. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha ya kwanza huenda mbio, na picha ya kuisahihisha huifuata nyuma ikichechemea.

Sasa nawarudia wenzangu mtakaoshika chama hiki mwaka ujao, na ninyi wakubwa wetu ambao katika kazi zenu mna simu zenye kamera mifukoni. Yale mambo manne mtayapata hata kwa wengine. Lakini la tano lishikeni kutoka kwangu, kwa kuwa nimelilipia. Bwana Murch asema hisia kwanza, nami sibishani naye, kwani mkato wangu ulikuwa na hisia nyingi mno. Kabla ya hisia, hata hivyo, liko swali ambalo mwenye kukata apaswa kujiuliza: uso huu ni wa nani, na je, nimemfanya aseme jambo ambalo hakulisema? Mwigizaji amekukopesha uso wake kwa ajili ya hadithi mliyokubaliana. Ukiutumia kwa hadithi nyingine, umeuchukua bila idhini, na yule aliyechukua kitu cha watu katika hadithi yetu si jirani wa kitanda cha pili. Ni mimi.

Na sisi tunaotazama, tunapoletewa picha ya mtu katika simu, imekatwa fupi na kuwekwa kando ya maneno makali, tukumbuke posho na maharagwe. Tuulize kilichotangulia na kilichofuata, ambacho mkasi umekiondoa. Waswahili husema macho hayana pazia, na ni kweli kwamba jicho hutazama kila kitu. Lakini mwunganishaji anaweza kulishonea pazia, nawe usione kwamba lipo.

Mwenzangu ameisoma makala hii yote kabla haijapelekwa kwa Bwana Mhariri. Amefuta maneno mawili, nami nikayaacha yafutike. Muhula huu yeye ndiye mwunganishaji wa picha wa chama chetu, nami nashika shuka jeupe karibu na dirisha.